Moyo Usio na Murwaza

Kamembe, Machi 23

Idi imepita na hakuna sahani iliyovuka ukuta wangu. Katika mtaa huu sahani za Idi hufika hadi kwa Wakatoliki, hadi kwa fundi viatu ambaye hakuna anayejua dini yake. Mwaka huu zimenipita mimi. Mwezi uliopita nilisema redioni kwamba wanawake wa msikiti wetu hula katika arusi moja kile ambacho kingesomesha darasa zima. Bado nasema hivyo. Wao hawakuleta pilau, mimi sikufuta neno.

Naandika kwa sababu sina wa kubishana naye. Mvua za itumba zimeanza, na zikinyesha hakuna anayekuja kwenye duka langu la vitabu vikuukuu nyuma ya gare, kituo cha mabasi. Kikohozi nacho kimeanza. Nimemwandikia mkuu wa akagari, yaani serikali ya mtaa, barua ya kumshitaki jirani yangu Dancille kwa mambo mawili: maji ya paa lake yanamwagika uani kwangu, na moshi wa kuni zake unaniharibu mapafu. Nimetia sahihi, nikabaki na nakala.

Machi 24

Mvua. Kikohozi.

Machi 26

Dancille alichungulia juu ya ukuta. Ni mwanamke mfupi, kwa hiyo najua alipanda juu ya kitu.

"Mwalimu, bamenisomea barua yako ku akagari. Eti moshi yangu inauma?"

Wananiita Mwalimu kwa sababu nilifundisha historia kabla sijagombana na mkuu wa shule.

"Moshi wako una sumu, Mama Jean Paul."

"Tangu tuhamie hapa napikia pale pale. Kuku zangu hazikohoi."

"Kuku wako hawajui kulalamika."

"Njo maana wanaishi na batu vizuri," akasema, akashuka.

Nilitafuta jibu hadi jioni. Ninalo sasa, lakini yeye hayupo ukutani.

Machi 30

Leo nitaandika mengi, na polepole.

Nilikuwa napanda kutoka gare kurudi nyumbani. Kilima kile nimekipanda tangu utoto na sikuwahi kukifikiria. Katikati ya njia pumzi ilikwisha. Sikuchoka, ilikwisha tu, kama maji ya bomba. Nilikaa juu ya gunia la viazi la mtu, midomo ikiwa baridi, na dereva wa pikipiki akanipeleka hospitali bila kuniuliza maoni yangu. Hilo halijatokea siku nyingi.

Daktari anaitwa Uwimbabazi, binti wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho. Alinipaka ute baridi kifuani, akazungusha kifaa cha eko, kile kinachoonyesha ndani ya kifua, akakirudisha palepale mara tatu. Wanaporudia hivyo mtu hujifunza kuogopa.

"Mama, nani alikwambia ni mapafu?"

"Mimi mwenyewe."

"Mapafu yana maji, lakini hayana kosa. Angalia hapa."

Akanigeuzia skrini. Nilikiona kitu kikipigapiga, cheusi na kijivu, kama mkono unaokunja ngumi na kuikunjua. Alinieleza vizuri, nami namheshimu mtu anayeeleza vizuri. Moyo una vyumba vinne. Upande wa kulia hupokea damu iliyochoka kutoka mwilini na kuisukuma hadi kwenye mapafu ikachukue hewa. Upande wa kushoto huipokea ikitoka huko na kuisukuma mwili mzima, kuanzia utosini hadi kidole cha mguu. Kati ya chumba na chumba kuna mlango, vali, unaofunguka upande mmoja tu, ili damu isirudi ilikotoka. Mlango wangu kati ya vyumba viwili vya kushoto umeota makovu. Hauwezi kufunguka sawasawa. Damu inayotoka kwenye mapafu inafika pale na kupanga foleni, na foleni inarudi nyuma hadi mapafuni. Maji yake ndiyo ninayokohoa. Ndiyo sababu nikilala chali nazama, na asubuhi najikuta nimeketi.

"Ulipokuwa mtoto uliwahi kuumwa koo, halafu viungo vikavimba?"

Niliwahi. Nilikuwa kwa bibi yangu kule Gikundamvura. Magoti yalikuwa moto, wakanikanda kwa maji ya uvuguvugu, yakapona, tukasahau.

"Mwili ulipigana na vijidudu vya koo," akasema. "Lakini vali zako zilifanana navyo kidogo. Ukazipiga nazo. Na vijidudu vilipokwisha, haukuacha."

"Na moshi?"

"Moshi gani?"

Nilifunga vifungo vya blauzi.

Kinachotakiwa ni operesheni. Huku kwetu haifanyiki. Kuna madaktari wa moyo watakaokuja Kigali, ataniandikisha. Nisipofanyiwa, alisema, itumba la mwakani nisilifanyie mipango.

Aprili 1

Nimesoma siku nzima, kwa hasira.

Tumeusingizia moyo mambo mengi mno. Eti unapenda, eti unachukia, eti wa fulani ni mweupe na wa fulani ni jiwe. Washairi wanaishi kwa uongo huu na wahubiri wanajenga kwa huo. Moyo ni msuli wenye ukubwa wa ngumi. Haujui jina la mtu yeyote. Unakaza, unalegea, unakaza. Ile sauti tunayoweka sikio kuisikia si ya msuli, ni ya milango inayofungwa: miwili ya kati ya vyumba, kisha miwili ya kutokea.

Jambo moja limenipendeza. Amri ya kupiga haitoki kwenye ubongo. Ubongo unaweza kuharakisha au kutuliza, lakini hauanzishi. Anayeanzisha ni kijisehemu kidogo katika chumba cha juu cha kulia, chenye umeme wake. Ukiutoa moyo mwilini utaendelea kupiga kwa muda, peke yake, mkononi mwako, bila kuambiwa na mtu. Nimeishi hivyo.

Aprili 7

Wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari. Maduka yamefungwa, mji umenyamaza. Siandiki.

Aprili 13

Mvua kubwa mno. Maji ya paa la Dancille yaliingia uani kwangu, yakafika kwenye tundu la kutokea chini ya ukuta. Tundu lilikuwa limezibwa na majani, kwa hiyo yakapanda, yakafika kizingitini, yakaingia sebuleni. Nilisimama na viatu mkononi nikiyatazama. Niliuelewa ugonjwa wangu vizuri kuliko kwenye skrini. Kisha nikaukasirikia mfano wenyewe: ukuta ni wangu, tundu ni langu, na majani ni ya mti wangu.

Sikuweza kuinama kuyatoa. Asubuhi nilikuta tundu liko wazi na majani yamekusanywa kando. Sijui nani. Najua nani.

Aprili 15

Wamepiga simu kutoka Kigali. Nilazwe Mei 4, operesheni kesho yake. Nililia kidogo, kisha muuguzi mkuu wa wodi akaendelea.

"Murwaza wako ni nani?"

"Sina."

"Mtu wa kukupikia, kukuogesha, kukufulia, kulala kando ya kitanda."

"Najua murwaza ni nini. Nimesema sina."

"Mama, kila mtu anaye."

Aprili 17

Nimeandika barua ya wazi, ndefu. Nimesema hospitali inayomtegemea shangazi wa mgonjwa kumlisha ni nusu ya hospitali. Nimesema murwaza ni mfanyakazi asiye na mshahara, karibu siku zote mwanamke, anayeacha shamba na watoto ili alale kwenye sakafu ya saruji, na tumeubatiza utumwa huo jina la upendo ili tusiulipie. Nimesema mtu asiye na jamaa ana haki ya moyo kama mwenye jamaa. Sijawahi kuandika vizuri zaidi. Niliisoma kwa sauti. Chumbani hakukuwa na wa kuipinga.

Gazeti limeichapa. Redio haikunialika.

Aprili 19

Nilishuka hadi karibu na mpaka wa Kongo, ule wa Rusizi ya kwanza, anakouzia vitunguu mdogo wangu Mudathiru. Wabeba mizigo walikuwa wanapita na magunia kichwani, na mimi na mkoba mtupu nilipumzika kila baada ya duka.

"Yaya," akasema, jina la dada mkubwa kwetu, akanipa kiti. Tulikuwa hatujasemezana tangu mwaka jana.

Nilimwomba mke wake awe murwaza wangu.

"Ulisema mbele ya Kamembe nzima kwamba unga wake una mchanga."

"Ulikuwa na mchanga."

"Ulikuwa nao. Sasa mimi nikamwambie nini?" Akapangua vitunguu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. "Nitakwenda mimi."

"Wodi ya wanawake hailazi wanaume."

"Nitalala nje."

"Utaniogesha kupitia dirishani?"

Tulicheka, mimi nikakohoa, na akaona nilichokuwa nakohoa. Alinisindikiza hadi barabara ya lami akinishika kiwiko kama mzee. Alikuwa tayari kufanya kila kitu isipokuwa kile kinachotakiwa, na hilo si kosa lake.

Aprili 21

Mvua.

Aprili 22

Mvua. Vidonge vya kutoa maji vinanikimbiza chooni, kisha najisikia mwepesi, kisha maji yanarudi.

Aprili 24

Muuguzi mkuu amepiga tena. Ana sauti ya uchovu, si ya ubaya.

"Nimesoma barua yako, Bi Zulaikha. Una haki katika kila mstari."

"Asante."

"Lakini Mei 4 wauguzi wangu watakuwa walewale wachache, na baada ya operesheni huwezi hata kujikuna. Ukija peke yako nitamwita anayefuata. Ni msichana wa miaka kumi na sita. Mama yake yuko hapa tayari na sufuria."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nimeshinda hoja na hakuna kilichobadilika hata kidogo.

Aprili 25

Dancille alipita mlangoni, si ukutani. Hajawahi kuingia kwangu. Alitazama rafu za vitabu kama mtu anayetazama kuni za jirani.

"Bamesema unatafuta murwaza."

"Nani amesema?"

"Kamembe."

"Sitafuti. Napinga."

"Unapinga nini?"

"Utaratibu wote."

"Sawa, pinga. Na ukikufa?"

Nikamwambia hilo si swali la adabu. Akaketi bila kukaribishwa.

"Ukikufa batasema ni moshi yangu. Karatasi yako iko ku akagari, na sahihi yako. Nitazeeka na hiyo jina: ule mwenye aliuwa Mwalimu na kuni. Hapana. Utapona kwanza."

"Barua naweza kuiondoa kesho."

"Kesho ni Jumapili."

"Jumatatu basi."

"Jumatatu ukiiondoa, mimi niko na sababu gani ya kwenda Kigali?"

 Kuku wake mmoja alikuwa amemfuata hadi ndani, akawa anadonoa chini ya rafu.

"Na mpunga wako?" nikauliza. Ana kipande cha shamba Bugarama, na huu ni wakati wa kupalia mara ya pili. Mumewe Straton anafanya kazi kwenye kiwanda cha saruji kulekule, zamu juu ya zamu.

"Straton atapalia siku ya mapumziko."

"Straton hajui mpunga na gugu."

"Unamujua kuliko mimi?" Akasimama. "Nilisomewa barua yako ya gazeti. Umesema murwaza ni mutumwa. Mimi nitakuwa mutumwa wako, lakini begi yako utabeba weye."

Aprili 27

Jumatatu. Nilipita mbele ya ofisi ya akagari. Sikuingia.

Mei 3

Safari. Dancille alitapika katika kona zote za msitu wa Nyungwe. Mimi sikutapika hata mara moja. Naliandika hili kwa furaha. Begi alilibeba yeye.

Mei 4

Wodi. Vitanda viko karibu, na chini ya kila kitanda kuna mkeka, sufuria na ndala za mtu mwingine. Sasa naona jinsi mtu asiye na ndala chini ya kitanda chake angeonekana hapa.

Kesho watausimamisha moyo wangu. Daktari mgeni amenieleza kupitia mkalimani: wataupoza, utaacha kupiga, na mashine iliyo kando itapokea damu yangu, itaitia hewa na kuirudisha mwilini wakati wao wanakata mlango mbovu na kushona mwingine wa kutengenezwa. Nikauliza: wakimaliza, nani atauamuru kuanza? Akasema mara nyingi, damu yenye joto ikirudi, unaanza wenyewe.

Nikauliza damu hiyo inaurudiaje, maana nilidhani moyo unajilisha kwa ile inayopita ndani yake. Akacheka kwa heshima. Hapana, alisema. Damu inapita ndani ya vyumba vyake mchana kutwa na karibu yote ni ya wengine. Wenyewe unalishwa kutoka nje, kwa mishipa miwili myembamba inayouzunguka kama mizizi. Na unalishwa zaidi pale unapolegea, si pale unapokaza.

 Dancille alikuwa ananipunguza kucha, kwa nguvu, kama anayemenya muhogo.

"Mbona umenyamaza?" akauliza. "Unaniogopesha."

Mei 16

Siwezi kuandika mengi. Mfupa wa kifua umefungwa kwa waya na kucheka ni adhabu, jambo ambalo Dancille amelijua na analitumia.

Ananiogesha kwa kitambaa, kipande kwa kipande, akifunika kile alichomaliza. Ananilisha uji. Hasemi maneno matamu. Jana aliniambia nina miguu ya kuku wake mkubwa. Leo alishika kijiko hewani akatega sikio.

"Saa yako iko wapi?"

"Sina saa."

"Kuna kitu inalia. Tik. Tik."

Ni vali. Ni ya madini, na wodi ikitulia inasikika ikifungwa. Nilimweleza. Akasogeza sikio karibu na mdomo wangu, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Haki ya Mungu," akasema. "Hata ukinyamaza unapiga kelele."

Nikacheka, ikaniuma sana.

Mei 24

Nyumbani. Dawa ya kuzuia damu isigande kwenye chuma kile, kila siku ya maisha yangu, na kupimwa damu kila mwezi. Dancille aliniweka kitandani, akamwachia Mudathiru maagizo kama mkuu wa jeshi, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshapanda gari la Bugarama.

Juni 1

Hakuna mvua. Mabati yamenyamaza, na sasa najisikia mwenyewe vyumba vyote: tik, tik. Nilidhani ningeichukia sauti hii. Ninachochukia ni kwamba hakuna mwingine wa kuisikia. Mke wa Mudathiru alileta uji, akauweka mlangoni, akaondoka. Uji haukuwa na mchanga.

Juni 5

Moshi hautoki upande wa pili. Siku nzima namtazamia Dancille.

Juni 8

Nimekwenda akagari polepole, nikaiondoa barua. Karani aliuliza sababu. Nilimwambia kosa lilikuwa la vali. Akaandika hivyo hivyo.

Juni 14

Straton alirudi kwa siku moja. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye vumbi la saruji kwenye kope. Nilimuuliza habari za mpunga.

"Ni kidogo, Mwalimu. Majani yaliumeza wakati mlikuwa Kigali. Mimi nilipalia, lakini ile nilitoa..." Akatazama mikono yake. "Ile nilitoa, nyingi ilikuwa mpunga."

"Yeye anasemaje?"

"Hasemi. Na hiyo kidogo, ndege wamekuja kuila. Anakaa kule akiwafukuza kwa kelele tangu alfajiri hadi jua lizame. Sauti imekauka kabisa."

Nilikuwa na kalamu mkononi. Niliishika hadi alipoondoka na sikuandika kitu, maana sikuona barua ambayo ingeweza kurudisha suke moja.

Juni 27

Bugarama, naandika juu ya goti.

Daktari Uwimbabazi ameniruhusu kusafiri. Amenikataza kubeba, kuinama na kulima. Nilimuuliza kuhusu kupiga kelele. Alifikiri, akasema haoni kizuizi cha kitabibu.

Huku ni joto la kuchemsha maji. Shamba la Dancille unalijua kwa mbali: mpunga wake ni mfupi, umeota kwa mabaka, kama kichwa kilichonyolewa na mlevi. Nilimkuta ameketi kwenye ukingo wa mfereji na debe kati ya magoti. Alijaribu kuniambia nirudi nyumbani. Kilichotoka kilikuwa upepo.

"Nipe hilo debe," nikasema.

Ndege wadogo, wengi kuliko wasomaji wangu wote, walikuja kwa pamoja na kutua. Niliwaambia niliyokuwa nayo. Niliwaita wezi, wanyonyaji, wala-jasho-la-wengine. Niliwaambia historia itawahukumu. Waliruka wote. Dancille alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakamtikisika.

"Usibape hotuba," alinong'ona. "Piga debe tu."

"Wameelewa."

Walirudi, nikawafukuza, walirudi, nikawafukuza. Mchana ulipita hivyo na hatukusema mengi. Aligawa muhogo. Mara moja aliegemea upande wangu kana kwamba anatafuta kitu mfukoni, na nikajua anasikiliza.

Kisha mwenye shamba linalopakana, mtu mnene anayeitwa Nzabonimpa, akaja juu ya ukingo akiwa amekunja suruali, fimbo mkononi.

"Maman Jean Paul, ndege zako zote zimekuja kwangu. Huyu umemutoa wapi? Mwambie anyamaze, ama mutanilipa mpunga yangu."

Dancille alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Akamtazama Nzabonimpa, kisha akanigeukia mimi, ambaye kwa miaka yote hii amekuwa akimwomba Mungu anifunge mdomo, akanong'ona:

"Mwalimu. Mujibu."

Niliweka debe chini. Nilivuta pumzi, nikiwa na woga wa zamani, nikingoja mahali ambapo siku zote ilikuwa inakwama. Ikapita. Ikashuka hadi chini kabisa, na bado kulikuwa na nafasi.

Nikamjibu.